AC ya gari kuukuu haitoi baridi: pima kwanza, gesi baadaye

Peleka gari lenye AC isiyopoza kwa fundi wa kando ya barabara hapa Mombasa, uanzie Shimanzi uishie Bamburi, na jibu la kwanza utakalopewa huwa ni moja: "Mzee, gesi imeisha. Tuweke gesi." Pengine ni kweli imepungua. Ila hajakuambia imekwenda wapi. Gesi ya AC haichomwi na injini wala haichakai. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, leo, kesho na mwaka ujao. Sili ya shafti ya kompresa (pampu ya AC) na mipira hupitisha kiasi kidogo mno, kwa hiyo gari la miaka 15 kuhitaji kuongezwa kidogo si ajabu. Lakini gesi iliyowekwa Ramadhani hii ikaisha kabla ya Ramadhani nyingine imevuja mahali, na ukiongeza nyingine bila kuziba tundu umekodisha baridi, hujainunua.

Isitoshe, kuna magari yanayojazwa gesi ilhali gesi yake ilikuwa kamili na kilichokufa ni feni au klachi. Kwa hiyo tutaanza na ukaguzi wa bure, twende kwenye wa bei nafuu, na gesi ije karibu na mwisho. Maelezo haya ni ya magari ya petroli ya Kijapani tuliyo nayo wengi: Corolla 110, NZE, Probox, Sunny B15 na jamaa zao, yanayotumia gesi ya R134a. Gari la aina nyingine halitofautiani sana, ila vipimo vyake vifuate kibandiko kilicho chini ya boneti.

Mfumo wenyewe, kwa ufupi

Kompresa huzungushwa na mkanda wa injini kupitia klachi ya sumaku. Inakandamiza gesi mpaka inakuwa ya moto na yenye presha kubwa. Gesi hiyo inaingia kondensa, ule wavu wa alumini ulio mbele ya rejeta. Upepo unaopita hapo unaondoa joto na gesi inageuka kimiminika. Kimiminika kinapita kwenye draya, inayonyonya unyevu na kuchuja uchafu, kisha kinafika kwenye valvu ya upanuzi, tundu dogo ambapo presha huanguka ghafla. R134a ikiachiwa presha ya kawaida ya hewa huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Inachemkia ndani ya evaporeta (mafundi wengi huiita koili) iliyofichwa nyuma ya dashibodi, inanyonya joto la hewa inayopulizwa na feni ya ndani, kisha inarudi kwenye kompresa.

Kazi ya AC basi ni kuchukua joto ndani ya gari na kulitupa nje. Mwambao wetu unaifanya kazi hiyo kuwa ngumu mara mbili. Wakati wa Kaskazi, hasa Februari na Machi, joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33, na hewa imejaa unyevu. Sehemu kubwa ya nguvu ya AC inaishia kukamua maji kutoka hewani kabla hata hujahisi ubaridi. Ndiyo maana gari lililokuwa likigandisha vidole Nairobi linaweza kuonekana dhaifu likiteremka hapa, bila kuharibika chochote. Na ndiyo maana kidimbwi cha maji chini ya gari lililosimama na AC yake ni habari njema.

Vifaa na tahadhari

Kwa hatua za mwanzo unahitaji kipimajoto kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la upepo, tochi, mita ya umeme, na chupa ya maji yenye sabuni. Geji za AC, ile seti yenye geji ya bluu na nyekundu, zinafaa kununua ikiwa utaendelea na kazi hii. La sivyo, zitakuja na fundi.

Vaa miwani ya kukinga macho kila unapogusa mabomba yenye presha, kwa sababu R134a ikirukia jicho au ngozi inagandisha papo hapo. Ondoa ncha za leso, mikono mipana ya kanzu na kamba za kitambulisho kabla ya kuinamia injini inayonguruma. Feni ya umeme ya rejeta inaweza kuwaka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Usivute sigara wala kuwasha moto karibu na gesi inayovuja: R134a ikipita kwenye mwali inatoa moshi wa sumu.

Hatua ya 1: Uliza gari linaumwa lini

Hapa ndipo pa kutumia muda, maana namna AC inavyoshindwa inakuambia nusu ya jibu kabla hujafungua boneti.

Mfano ulio wazi ni foleni ya feri Likoni. Ukitoka Diani na gari linapoza vizuri njiani, kisha ukasimama kwenye foleni na baada ya dakika chache upepo ukawa wa uvuguvugu, halafu ukashuka kisiwani, ukapata mwendo na baridi ikarudi, basi shaka ya kwanza ni upepo wa kondensa. Barabarani mwendo wa gari ndio uliokuwa unapuliza. Ukisimama, kazi yote inabaki kwa feni, na feni haiwezi, au kondensa imeziba. Gesi iliyozidi nayo huleta dalili hiyo hiyo. Kompresa iliyochoka pia hudhoofika injini ikinguruma taratibu, lakini hiyo utaitofautisha kwa geji.

Ikiwa inapoza vizuri asubuhi kwa nusu saa hivi, kisha inakatika kabisa na upepo unabaki na nguvu ile ile, angalia klachi. Ikiwa upepo wenyewe ndio unaopungua nguvu polepole mpaka unabaki pumzi, na ukizima AC kwa dakika 10 mambo yanarudi sawa, evaporeta inaganda barafu. Kwa unyevu wa huku barafu hiyo hujikusanya haraka. Chanzo huwa ni kisoma-joto cha evaporeta kilichoharibika, kichungi kilichoziba, au gesi iliyopungua kiasi.

Baridi inayodhoofika wiki baada ya wiki ni uvujaji mdogo. Iliyokatika siku moja ghafla ni umeme, mkanda, au bomba lililopasuka. Inayotoka upande mmoja tu wa dashibodi mara nyingi ni vizuizi vya upepo vya ndani, ingawa gesi ikiwa chache nayo huweza kupoza upande mmoja wa koili. Na ikiwa taa ya kitufe cha AC inapepesa kwenye Toyota za zamani, kompyuta ya AC imeona kompresa haizunguki sawa na injini: mkanda unateleza au kompresa inakwama. Usiendelee kubonyeza, tafuta sababu.

Kipimo cha kuanzia kifanye hivi: gari kivulini, milango wazi, AC kwenye baridi ya mwisho, feni ya ndani juu kabisa, injini kwenye mizunguko kama 1,500 kwa dakika. Chomeka kipimajoto kwenye tundu la katikati, ngoja dakika 10. Andika joto la nje na joto la tundu. Ukifunga milango baadaye na kuzungusha hewa ya ndani, AC nzima hapa kwetu itakupa nyuzi 7 hadi 12 kwenye tundu. Anayekuahidi nyuzi 4 saa nane mchana mwezi wa Februari anauza maneno.

Hatua ya 2: Upepo wa ndani

Hakikisha kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kinafanya kazi. Kwa joto na unyevu wa Mombasa, kuvuta hewa ya nje ni kuitwisha AC mzigo usioisha. Bonyeza na usikilize: mlio wa upepo unapaswa kubadilika.

Toa kichungi cha hewa. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 2000 kiko nyuma ya kisanduku cha dashibodi upande wa abiria. Magari ya zamani zaidi hayana kichungi kabisa, na hapo vumbi, nywele na majani hushikamana na evaporeta yenyewe. Ukiona uso wa koili umevaa blanketi la vumbi, inabidi ioshwe, na mara nyingine ni lazima ishushwe.

Kidogo kuhusu maji: zulia la abiria likilowa, mrija wa kutolea maji ya evaporeta umeziba. Utafute chini ya gari karibu na ukuta wa injini, uzibue kwa waya laini au upulize kutoka chini. Kazi ya dakika 5.

Kisha mchanganyiko wa hewa moto. Gari likiwa na waya wa kuvuta unaofungua valvu ya hita, waya huo hulegea na maji ya moto ya injini yakaendelea kupita kwenye hita huku AC ikipambana nayo. Shika mipira miwili ya hita inayoingia ukuta wa injini. Ikiwa gari lako lina valvu hiyo na umeweka baridi ya mwisho, mpira ulio baada ya valvu haufai kuwa wa moto. Kama huna uhakika, ubane mpira kwa muda kwa koleo laini na uangalie kipimajoto. Kikishuka, umepata mwizi wako na gesi haihusiki.

Hatua ya 3: Kondensa na feni

Kwa magari ya pwani mimi huanzia hapa hata kabla ya geji, na sioni haya kusema kwamba gesi nyingi inayouzwa mjini huu ilipaswa kuwa ndoo ya maji.

Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi inakula alumini. Angalia kondensa kwa tochi kutoka mbele. Vile vibati vyembamba kati ya mirija vikiwa vimegeuka unga mweupe na vinapukutika ukivigusa, kondensa hiyo imekwisha hata kama haivuji, kwa sababu vibati ndivyo vinavyotupa joto. Vikiwa vizima lakini vimejaa vumbi, wadudu na mifuko ya plastiki, ioshe.

Ioshe kwa maji tamu, na hili ni muhimu. Mitaa mingi, mfereji ukikauka, watu hutumia maji ya kisima, na sehemu nyingi za kuosha magari hufanya hivyo hivyo. Maji ya kisima yenye chumvi yakikaukia kwenye kondensa yanaongeza kutu uliyokuwa unaikimbia. Tumia mpira wa kawaida wa bustani, presha ndogo, na ikiwezekana maji yatoke upande wa injini kwenda mbele ili uchafu urudi ulikoingilia. Mashine ya presha kubwa inalaza vibati na kuziba njia ya upepo. Angalia pia nafasi kati ya kondensa na rejeta; huko ndiko pamba ya uchafu hujificha, na kutoka mbele huioni.

Sasa feni. Washa AC na uhakikishe feni zote zinazopaswa kuzunguka zinazunguka kwa nguvu. Weka karatasi mbele ya kondensa gari likiwa limesimama: inapaswa kuvutwa na kushikamana. Ikianguka, feni ni dhaifu. Ikisukumwa mbali, feni inazunguka kinyume, jambo linalotokea feni ilipobadilishwa na nyaya zikaunganishwa visivyo. Inayozunguka pole pole, au inayoanza baada ya kusukumwa kwa kijiti, brashi za mota zimeisha. Kava la plastiki linalozunguka feni nalo lisipuuzwe. Gari lililogongwa mbele likanyooshwa mara nyingi hurudi bila kava, bila sponji za pembeni, na feni inabaki kuzungusha hewa ile ile ya moto.

Kisha fanya jaribio la maji. AC ikiwa inawaka na gari limesimama, nyunyizia kondensa maji tamu kwa dakika 2 huku mtu akiangalia kipimajoto ndani. Joto la tundu likishuka haraka, AC yako ilikuwa inashindwa kutupa joto: feni, uchafu, vibati vilivyokwisha, au gesi iliyozidi. Lisiposhuka, endelea mbele.

Hatua ya 4: Klachi na umeme wake

Mwambie mtu abonyeze AC wakati unatazama uso wa kompresa. Unapaswa kusikia "tak" na kuona sahani ya mbele ikianza kuzunguka pamoja na puli. Kama haizunguki, fuata umeme kwa mpangilio huu.

Kwanza fyuzi. Kisha rilei: mara nyingi rilei ya honi ina namba sawa na ya AC, kwa hiyo zibadilishe nafasi na ujaribu. Kisha pima umeme kwenye plagi ya klachi injini ikinguruma. Ukipata volti 13 na klachi haishiki, zima na upime upinzani wa koili ya sumaku. Kwa kawaida ni omu 3 hadi 4. Isipoonyesha kitu, imekatika. Ukipata volti 9 au 10 ilhali betri ina karibu 14, kuna mahali waya umeoza. Kwenye magari ya pwani kagua waya wa ardhi wa injini na viungo vya plagi. Kijani cha kutu humo ni kawaida yetu.

Ukipata sifuri, shaka inahamia kwenye swichi ya presha iliyo karibu na draya. Swichi hiyo huzuia klachi presha ikiwa chini sana (karibu psi 28; psi ni kipimo cha presha) au juu sana (karibu psi 450). Mafundi wengi huiunganisha moja kwa moja kwa kipande cha waya "kuona kama itashika". Usikubali kabla ya kujua presha iliyomo. Mafuta ya kompresa husafiri na gesi. Kompresa ikizungushwa bila gesi inajisaga, na vumbi la chuma linasambaa mfumo mzima.

Rudi kwa ile AC inayokatika baada ya nusu saa. Klachi ikizeeka, nafasi kati ya sahani na puli hupanuka. Koili ya klachi ikipata moto sumaku yake hupungua nguvu na haiwezi tena kuvuta sahani umbali huo. Pima nafasi hiyo kwa vipimo vyembamba vya chuma: inayofaa ni takriban milimita 0.3 hadi 0.6. Ikiwa imezidi, fungua nati ya katikati, toa washa moja nyembamba iliyo nyuma ya sahani, urudishe. Hakuna kufungua gesi, hakuna spea. Kompresa ngapi zimetupwa kwa washa moja, Mungu ndiye ajuaye.

Injini ikitetemeka au kuzima AC inapoingia, tatizo ni valvu ya kuongeza mizunguko au koo la hewa lililojaa masizi. Na kumbuka kwamba magari mengi hukata AC yenyewe injini ikipata moto kupita kiasi. Hapo tibu rejeta kwanza.

Hatua ya 5: Geji

Bomba nene ni la presha ndogo, bomba jembamba ni la presha kubwa. Midomo ya kujazia ya R134a ina ukubwa tofauti, kwa hiyo mpira wa bluu hauingii mahali pa nyekundu. Funga valvu zote mbili za geji kabla ya kuunganisha.

Injini ikiwa imezimwa kwa muda na imepoa, sindano zote mbili husimama pamoja. Kwa joto la nyuzi 30, R134a husoma karibu psi 97. Namba hiyo inakuambia tu kwamba bado kuna kimiminika ndani; haisemi ni kiasi gani. Gramu 200 na gramu 600 husoma sawa. Ikisoma psi 40, mfumo uko karibu mtupu na huna haja ya kuwasha chochote: nenda hatua ya 6.

Sasa washa, mizunguko 1,500, feni juu, milango wazi. Kwa joto la nje la nyuzi 32, mfumo mzima husoma takriban 30 hadi 45 upande wa bluu na 200 hadi 275 upande wa nyekundu. Soma zote mbili pamoja:

- Zote ziko chini: gesi imepungua.
- Zote ziko juu: kondensa haitupi joto, au gesi imezidi. Mwagia maji, nyekundu ikianguka sana, rudi hatua ya 3.
- Zote ziko juu na sindano inatetemeka, baridi hafifu: hewa imeingia, kazi ya mtu aliyejaza bila vakyumu, yaani bila kunyonya hewa yote kwanza kwa pampu.
- Bluu juu, nyekundu chini, na ukikanyaga mafuta hazitengani: kompresa imechoka.
- Bluu chini sana, hata kuelekea vakyumu: njia imeziba, aghalabu valvu ya upanuzi au draya. Ikiwa inaanza vizuri kisha inaziba, ikipumzika inafunguka, ni unyevu unaoganda kwenye valvu.

Mkono nao ni geji. Bomba nene linalorudi kutoka dashibodi liwe baridi na lenye jasho. Bomba jembamba liwe la moto. Bomba jembamba likiwa moto upande mmoja wa draya na baridi upande wa pili, draya imeziba.

Hatua ya 6: Tafuta tundu

Mafuta hutoka na gesi, kwa hiyo doa la mafuta lililoshika vumbi ndilo alama ya kwanza. Kagua viungo vyote, sehemu ya chini ya kondensa, uso wa kompresa nyuma ya klachi, na midomo ya kujazia. Midomo hiyo ina valvu ndogo kama ya tairi, na vifuniko vyake vina kazi ya kuziba. Gari lililopoteza vifuniko huvuja hapo kimya kimya. Paka maji ya sabuni na usubiri, mapovu mengine huchukua dakika.

Evaporeta haionekani. Ingiza kifaa cha kunusa gesi kwenye mrija wa maji, au angalia kama maji yanayodondoka yana utelezi wa mafuta. Rangi inayong'aa kwenye taa maalumu husaidia kwa tundu dogo, lakini inahitaji siku kadhaa za kuendesha.

Mfumo ukiwa mtupu, fundi aujaze naitrojeni kavu kiasi cha psi 150 na asikilize. Hapa simama kidete: asitumie oksijeni ya kuchomea. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta hulipuka. Na hewa ya kujazia tairi inaingiza maji, tena ikichanganyika na R134a chini ya presha inaweza kushika moto.

Dawa za kuziba tundu zinazouzwa kwenye mikebe, ziache dukani. Zinaganda kwenye valvu na kwenye mashine ya fundi anayekuja baadaye. Atakayekuambia aweke gesi ya jiko kwa kuwa "inapoza zaidi" anakuwekea bomu nyuma ya dashibodi: evaporeta ikivuja, gesi inayowaka inajaa ndani ya gari lenye watoto.

Hatua ya 7: Rekebisha, vuta vakyumu, jaza kwa mizani

Badilisha kilichovuja, na kila kiungo kilichofunguliwa kipate oringi (pete ya mpira ya kuzibia) mpya ya AC (nyingi ni za kijani), iliyopakwa mafuta ya kompresa. Mfumo uliokaa wazi unahitaji draya mpya. Kwa hewa yetu ya unyevu usifungue mfuko wake mpaka dakika ya kuifunga garini. Sehemu mpya ikiingia, rudisha mafuta yaliyoondoka na ya zamani: kwa gari dogo ni karibu mililita 40 kwa kondensa au evaporeta, na karibu 10 kwa draya. R134a hutumia mafuta ya PAG ya unene uliotajwa na mtengenezaji. Mkebe uliokaa wazi umeshanyonya maji, utupe.

Vakyumu ndiyo kazi inayorukwa zaidi, kwa sababu haionekani. Pampu ivute dakika 30 hadi 45. Lengo ni kuchemsha maji yaliyomo ili yatoke kama mvuke, na kwa joto la nyuzi 30 maji huchemka presha ikishuka hadi inchi 28.7 za zebaki chini ya hewa ya kawaida. Sisi tuko usawa wa bahari, hivyo geji ya bluu inapaswa kukaribia inchi 29 au zaidi. Fundi aliyejifunzia Nairobi anaweza kuridhika na 24 au 25, kwa kuwa huko juu geji haiwezi kushuka zaidi. Hapa 25 ni pampu mbovu au tundu lililobaki. Kisha funga valvu, zima pampu, ngoja dakika 15 hadi 30. Sindano ikipanda, usijaze.

Muulize fundi mapema, kwa heshima: "Fundi, mizani unayo? Vakyumu utavuta muda gani?" Anayejibu kwamba yeye hujaza kwa macho mpaka bomba litoe jasho, mshukuru na uendelee na safari.

Kiasi kimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Hata kikiwa cha Kijapani, tafuta R134a au HFC134a na namba yenye herufi g, kwa magari madogo kati ya 400 na 700 mara nyingi. Weka mtungi juu ya mizani, toa hewa kwenye mpira wa njano, na ujaze kupitia upande wa bluu, injini ikinguruma, mtungi ukiwa wima ili iingie gesi tupu. Kimiminika kikiingia kompresa kinaivunja. Valvu nyekundu isifunguliwe kamwe injini ikizunguka, presha itarudi na kupasua mtungi. Ikifika gramu zilizoandikwa, acha. Kuongeza "kidogo ya joto la Mombasa" kunapandisha presha na kupunguza baridi.

Kompresa ikiwa imekufa kweli

Fungua bomba uangalie mafuta. Yakiwa safi, badilisha kompresa na draya. Yakiwa meusi yenye chembe zinazometameta, mfumo uoshwe, valvu ya upanuzi na draya zibadilishwe, na kondensa yenye mirija myembamba sana ibadilishwe nayo, kwa kuwa haioshiki. Usipofanya hivyo kompresa ya pili itafuata ya kwanza. Ukinunua kompresa iliyotumika kutoka Japani, chagua iliyozibwa midomo, izungushe kwa mkono usikie kama ni laini, mwaga mafuta ya zamani uyaangalie rangi, na ukubaliane na muuzaji kuirudisha kabla hujamlipa.

Gari la kabla ya katikati ya miaka ya 1990 linaweza kuwa lilitengenezwa kwa gesi ya zamani ya R12, ambayo ilipigwa marufuku kwa kuharibu tabaka la ozoni. Midomo yake ni ya kuskurubu. Kulihamishia R134a inawezekana: toa mafuta ya zamani, weka ya esta, badilisha oringi na draya, jaza asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa awali. Litapoza, lakini kondensa dogo la enzi hizo litalalamika mchana.

Baada ya kazi

Rudia kipimo cha hatua ya 1 mbele ya fundi, gari likiwa limesimama, kabla ya kulipa. Kwa rangi au kalamu isiyofutika, andika chini ya boneti tarehe, gramu zilizoingia, aina ya mafuta na presha zilizosomwa. Gari kuukuu hubadilisha mafundi na wenye gari. Osha kondensa kwa maji tamu kila mwezi ikiwa unaegesha karibu na bahari. Na msimu wa Kusi ukiingia na madirisha yakatosha, washa AC dakika 10 kila wiki hata kama huihitaji, ili mafuta yafike kwenye sili ya shafti isikauke na kuanza kuvuja.